Mtoto Mwenye Mikono Mizito (2): Mfundishe Kazi Yenyewe

Wiki iliyopita tuliona kwamba disipraksia si upungufu wa akili wala malezi mabaya. Ni ubongo kupata shida kupanga na kuratibu miondoko ya mwili. Inakadiriwa kuwapata watoto 5 au 6 katika kila 100 wa umri wa shule, wavulana zaidi, na waliozaliwa njiti wamo hatarini kuliko wenzao. Darasa la watoto 80 linaweza kuwa nao wanne, na huenda wote wameshaitwa wavivu.

Mtazame mmoja wao asubuhi akivaa sare. Anaanza na kifungo cha juu, anakosa tundu, anaendelea hivyo hivyo hadi upande mmoja wa shati unaning'inia. Darasani anaikaba kalamu na kuikandamiza mpaka karatasi inatoboka, na wenzake wakimaliza kunakili ubaoni yeye yuko mstari wa tatu. Lakini muulize kwa mdomo kuhusu somo lilelile: anajibu bila kusita. Mimi nikiona pengo hilo kati ya mdomo na mkono, huanza kushuku.

Wazazi wengi humpeleka kwenye mpira au kuruka kamba, wakitumaini mwandiko nao utanyooka. Michezo ina faida zake, ila mwandiko haufundishwi na mpira (wala na bakora). Miongozo ya kimataifa iliyotolewa 2019 inahimiza kumfundisha mtoto kazi ileile inayomshinda. Nchini Kanada, Helene Polatajko na Angela Mandich waliendeleza mbinu ya hatua nne: lengo, mpango, kutenda, kukagua. Mpango ni wa mtoto. Kazi yako ni kuuliza. "Shati limepinda upande upi? Tufanyeje kesho?" Huenda akagundua mwenyewe kwamba akianzia kifungo cha chini, anakoona pindo zote mbili, hakosei. Ukimfungia wewe kwa sababu mmechelewa, na mara nyingi mtakuwa mmechelewa, hilo halitokei.

Kabla ya miaka 5 usiharakishe kumpachika jina la tatizo. Lakini mtoto anayepoteza uwezo aliokuwa nao, au anayelegea upande mmoja wa mwili, huyo awahishwe hospitali. Ugonjwa wake ni mwingine.

Walimu, mpeni mtoto mwenye disipraksia muda wa ziada, na pale inapowezekana ajibu kwa mdomo. Wazazi, mkifika hospitali ya rufaa ulizieni tiba kwa vitendo. Wataalamu wake hufundishwa hapa hapa nchini Tanzania, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi.