Je, wajua: kanga wa kiangazi si kanga wa masika

Ukishuka kutoka Moshi mjini kuelekea Kahe baada ya mahindi kuvunwa, utawakuta kanga wakichakura mashambani kwa makundi. Ni ndege wa kilo moja na nusu hivi, mwenye manyoya ya kijivu yaliyojaa madoa meupe, uso wa buluu ulio mtupu na pembe ya mfupa utosini. Dume na jike wamefanana mno. Wanaowajua huwatofautisha kwa sauti: mlio wa vipande viwili, unaorudiwa rudiwa, ni wa jike, dume hana mlio huo.

Kumwinda ndege huyu ni kujua majira. Kuanzia Juni hadi Oktoba nyika hukauka, na kwa kuwa kanga hupenda kunywa kila siku, makundi hukusanyika karibu na mito, mifereji na mabwawa. Hapo wanaonekana kwa urahisi, lakini hawakaribiki kwa urahisi. Mmoja akishtuka hupiga kelele, na wote hutimua mbio. Kanga hukimbia kwanza. Kuruka ni kimbilio la mwisho, tena huruka kwa kishindo, masafa mafupi, akatua na kuendelea kukimbia. Jioni hupanda mitini kulala, kisha asubuhi hushuka kwenda kula na kunywa. Mwindaji mzoefu mwenye kibali na bunduki ya marisau huisoma njia hiyo, akawahi kujibanza.

Masika yakiingia, kundi huvunjika. Madume hufukuzana, mmoja nyuma ya mwenzake, mabawa yameinuliwa na mgongo umebinuka hata utadhani wana nundu. Kila jozi hujitenga. Jike huchakura kishimo kwenye majani marefu, hutaga mayai 6 hadi 12 au zaidi, na huatamia peke yake kwa siku 26 hadi 28. Vifaranga wakishaanguliwa, dume husaidia kuwalea. Hata hivyo wengi hufa: mvua ikiwalowesha baridi huwamaliza, na nguchiro na mwewe hawako mbali.

Ndiyo maana jike anayeuawa Aprili si kitoweo cha siku moja. Amekufa na mayai yake yote, na kundi la kiangazi kijacho limepungua kabla halijakusanyika. Msimu wa uwindaji Tanzania hufunguliwa tarehe 1 Julai, masika yakiwa yamekwisha. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inadai kibali, na inakataza tanzi, nyavu na kumulika wanyama kwa taa usiku. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro hakuna kuwinda kabisa.

Wakulima wa tambarare wana lao la kusema, na wana haki: kanga hufukua mbegu za mahindi zilizopandwa karibuni. Lakini ndege huyo huyo hula panzi, mchwa, viwavi na kupe kwa miezi mingi. Shamba lilindwe mpaka mbegu ziote, kisha kanga aachwe afanye kazi yake. Anayetaka kula kanga Julai aanze kwa kukiacha kiota cha Aprili kama alivyokikuta.