Je, Wajua? Kuinua Gari Pekee Hakuzuii Tairi Kukwaruza

Ukitoa tairi za 265/70R16 ukafunga 285/75R16, kimo cha tairi huongezeka kwa takriban milimita 56. Wengi hukimbilia springi ndefu. Lakini gari likitumbukia shimoni springi hujibana, na tairi hupanda hadi kwenye madigadi vilevile. Kinachoizuia ni raba nene zaidi za kikomo cha springi.

Tafuta kwanza alama za mkwaruzo. Zikiwa kwenye chesisi usukani ukikatwa wote, fundi arekebishe bolti za kikomo cha usukani. Spesa husogeza tairi nje, ila huhamishia kero kwenye bampa. Mpira wa breki ukaguliwe mapema, tafadhali: ukikatwa na tairi, breki hupungua nguvu sana! Na spidomita iliyokuwa sahihi ikisoma 80, kweli unakwenda karibu 86.