Britney Spears: Miaka 13 ya Kufanya Kazi kwa Ruhusa

Kila habari za Britney Spears zinapoibuka upya, maelezo huwa ni yaleyale. Watu wa nyumbani Kenya husema umaarufu ulimpanda kichwani, akachanganyikiwa, babake akamwokoa. Huku Marekani hadithi imegeuzwa tu: baba mwovu, binti mnyonge, mashabiki wakamkomboa. Zote mbili zinaniudhi kwa sababu moja, kwamba zinasimulia ugomvi wa familia na kuisahau mahakama. Baba hakuwa na uwezo wa kumfunga mwanamke mzima, mama wa watoto wawili, kwa zaidi ya miaka 13. Uwezo huo alipewa na mahakama ya Los Angeles, kwa sheria iliyoandikwa, na ukaendelezwa kwa karatasi zilizopigwa muhuri mwaka baada ya mwaka. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya wanamuziki. Inatumika hadi leo kwa watu ambao hakuna anayewaandamania barabarani, na sisi tunaolea watoto huku tunahusika nayo kuliko tunavyodhani.

Historia yake wengi wanaijua, kwa hiyo nitapita haraka. Alizaliwa McComb, Mississippi, Desemba 1981, akakulia mji mdogo wa Kentwood, Louisiana. Akiwa bado mtoto alikuwa kwenye kipindi cha Disney cha Mickey Mouse Club, mwaka 1998 wimbo wake wa kwanza ukatoka, na albamu ya Januari 1999 ikamfanya ajulikane hadi kwenye matatu na vinyozi vya kwetu. Aliolewa na mcheza dansi Kevin Federline mwaka 2004, akazaa wana wawili ndani ya mwaka mmoja, 2005 na 2006, na mwishoni mwa 2006 akaomba talaka akiwa na mtoto mchanga. Februari 2007 alinyoa kichwa katika saluni moja ya Tarzana huku wapigapicha wa udaku wamejazana dirishani. Siku chache baadaye alilipiga gari la mmoja wao kwa mwavuli. Oktoba mwaka huohuo mahakama ikampa Federline watoto. Januari 2008 alichukuliwa na gari la wagonjwa mara mbili. Picha za kipindi hicho ndizo zilizobaki vichwani mwa watu, na ndizo zinazomfanya mtu leo aseme, bila kuuliza zaidi, kwamba alistahili kusimamiwa.

Hapa ndipo inabidi kuifungua sheria ya California, maana ina mambo ambayo mgeni hawezi kuyabuni. Jimbo hili lina kifungu namba 5150, na namba hiyo imekuwa kitenzi kabisa midomoni mwa watu. Polisi au mhudumu wa afya akiona una ugonjwa wa akili na ni hatari kwako au kwa wengine, anaweza kukupeleka hospitali ukazuiliwa kwa saa 72, utake usitake. Baada ya hapo kuna njia mbili tofauti za kumweka mtu mzima chini ya msimamizi, na tofauti yake ndiyo kiini cha kisa hiki. Njia ya kwanza inatokana na sheria ya mwaka 1967 na ni ya watu wenye maradhi makali ya akili. Sheria hiyo iliandikwa na watu waliokuwa wakiogopa hospitali za vichaa za zamani, ambako mtu aliingizwa na ndugu zake na asitoke tena, kwa hiyo wakaweka kinga. Usimamizi wake hufa wenyewe ukitimiza mwaka, anayetaka kuuendeleza lazima aanze kuthibitisha upya, na mgonjwa ana haki ya kudai kesi yake isikilizwe na baraza la raia. Njia ya pili iko kwenye sheria za mirathi na mali. Hiyo hutumika zaidi kwa wazee waliopoteza kumbukumbu, mtu asiyeweza tena kujilisha, kujivisha, au kulinda akiba yake dhidi ya matapeli. Kwa kuwa mzee wa namna hiyo hatarajiwi kupona, haina tarehe ya kuisha. Hukaa mpaka mtu aombe mahakama iuondoe, au mpaka msimamiwa afariki.

Britney aliwekwa kwenye njia ya pili. Alikuwa na miaka 26, na agizo la kwanza lilitolewa tarehe 1 Februari 2008 akiwa bado amelazwa katika hospitali ya UCLA. Babake, Jamie Spears, akapewa usimamizi wa mwili na maisha yake, na mali ikawekwa chini ya baba huyo pamoja na wakili Andrew Wallet. Wakili mwingine aliyetaka kumwakilisha aliambiwa na mahakama kwamba binti huyo hana uwezo wa kiakili wa kumwajiri wakili, kwa hiyo mahakama ikamchagulia wake. Mtu anaambiwa hawezi kumchagua wa kumtetea kwa sababu ya jambo lilelile analotaka kulipinga! Kufikia Oktoba 2008 agizo la muda likafanywa la kudumu.

Sasa tazama ratiba yake baada ya kutangazwa kwamba hawezi kujitunza. Machi 2008, hata miezi miwili haijaisha, anaonekana akiigiza kwenye kipindi cha vichekesho cha televisheni. Desemba 2 mwaka huohuo, siku aliyotimiza miaka 27, inatoka albamu ya Circus. Mwaka 2009 anaizunguka dunia kwa ziara. Mwaka 2012 anakaa kwenye meza ya majaji wa X Factor, akiwapima wengine kama wako tayari kuingia kwenye kazi hii. Kuanzia 2013 hadi 2017 anapiga shoo 248 Las Vegas, akikariri ngoma nzima na kubadili mavazi nusu kiza nyuma ya jukwaa. Wasimamizi wake walikuwa na jibu, kwamba anaweza yote hayo kwa kuwa anasimamiwa. Ni jibu lisiloshindika, na hapo ndipo ubaya wake. Akifanya kazi vizuri, usimamizi umemsaidia, uendelee. Akikataa kazi au akilia, bado ni mgonjwa, uendelee. Ushahidi wowote unaingia upande mmoja wa mizani.

Na mizani ilikuwa na wenyewe. Kwa sheria ya California gharama za usimamizi hutoka kwenye mali ya msimamiwa: mshahara wa msimamizi, mawakili wa msimamizi, hata wakili aliyechaguliwa na mahakama kumsemea msimamiwa. Britney alilipa pande zote za kesi yake. Babake alikuwa akipokea dola 16,000 kwa mwezi na nyingine 2,000 za ofisi, mbali na asilimia moja na nusu ya mapato ya zile shoo za Las Vegas. Wakili wa mahakama, katika miaka hiyo yote, alilipwa zaidi ya dola milioni 3. Sisemi mmoja wao alikaa akapanga kumla. Nasema tu kwamba katika chumba kile cha mahakama kila aliyeulizwa kama mwanamke huyu amepona alikuwa na mshahara unaotegemea jibu liwe hapana. Mchumia juani hulia kivulini, walisema wahenga. Huyu alichuma juani, na kivulini wakala wengine.

Pingamizi la kwanza ni kwamba alikuwa mgonjwa kweli. Nakubali alikuwa katika hali mbaya mwanzoni mwa 2008, na mzazi yeyote angeogopa. Lakini hofu ya Januari haiwezi kuwa hoja ya mwaka 2015. Kama tatizo lilikuwa maradhi, ile njia ya kwanza ipo, nayo ingewalazimu kuthibitisha kila mwaka. Kilichomkosesha haki ni kuchaguliwa mlango usiodai uthibitisho huo. Tarehe 23 Juni 2021, alipopewa nafasi ya kuzungumza hadharani mahakamani kwa njia ya simu, alisoma maelezo yake kwa zaidi ya dakika 20, kwa kasi mpaka jaji Brenda Penny akamwomba apunguze ili karani aweze kuandika. Alisema alibadilishiwa dawa na kupewa lithiamu asiyoitaka. Alisema ana kitanzi cha uzazi mwilini, anataka kukitoa apate mtoto mwingine, na waliomsimamia hawamruhusu kwenda kwa daktari. Na akasema hakujua kwamba anaweza kuiomba mahakama imwondoe kwenye usimamizi. Huyo alikuwa na wakili aliyelipwa mamilioni. Miezi mitano baadaye, akiwa na wakili aliyemchagua mwenyewe, Mathew Rosengart, usimamizi ulifutwa, tarehe 12 Novemba.

Wengine husema angalau mali ilinusurika: mwaka 2008 alikuwa akimwaga pesa, na mwaka 2021 zilikuwepo karibu dola milioni 60. Sawa, ila ni nani aliyezitafuta? Mtu anayepiga shoo 248 atakuwa na pesa hata akiba yake ikilindwa na paka. Wengine hutoa simu na kuonyesha video anazoweka Instagram tangu aachiwe, akicheza peke yake nyumbani, na kuuliza kama huyo ni mzima. Hoja hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Mtu mzima ana haki ya kucheza vibaya sebuleni kwake, ya kuolewa na asiyemfaa, ya kutumia fedha zake kijinga. Wanaume wangapi maarufu wamevunja hoteli, wakala utajiri wao wote kwa kokeini, na hakuna jaji aliyempa mama yao kadi ya benki?

Pia nimesikia ikisemwa kwamba hata kwetu ukoo ungekaa na kuamua. Ndiyo, na sheria ya afya ya akili ya Kenya nayo inairuhusu mahakama kumteua msimamizi wa mali ya mgonjwa, kwa hiyo sijifanyi kwamba sisi ni malaika. Lakini kikao cha ukoo kina shangazi, kina mjomba wa upande wa mama, na mkikosea kuna wa kuwasuta kwenye msiba au harusi inayofuata. Hapa kikao ni jaji, mawakili na faili. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba California yenyewe inajua wazazi wanaweza kula jasho la mtoto. Tangu 1939 ina sheria iliyotokana na Jackie Coogan, mtoto nyota wa sinema aliyekuta mama yake na baba wa kambo wamemaliza karibu kila alichochuma. Leo asilimia 15 ya mapato ya mtoto anayeigiza au kuimba jimboni humu lazima iwekwe kwenye akaunti ambayo mzazi hawezi kuigusa. Kwa hiyo mtoto wa miaka saba analindwa asiibiwe na babake, na mama wa miaka 26 anakabidhiwa kwa babake pamoja na kila senti.

Na kuhusu watoto, nchi hii ina ajabu jingine. Siku mwanao anapotimiza miaka 18 unageuka mgeni. Unamlipia chuo, na chuo hakilazimiki kukuonyesha matokeo yake bila idhini yake. Anaumwa, na daktari anakuomba kwa adabu usubiri nje. Wazazi wetu wengi huchukia jambo hili, wakasema Wazungu wanawaharibu watoto. Mimi pia sipendi kuambiwa nisubiri nje, lakini ni sheria zilezile zinazosema mtu mzima ni mtu mzima. Ndiyo maana mkasa wa Britney unatisha: unaonyesha ukuta huohuo una mlango wa nyuma, na ufunguo wake ni fomu.

Wanaokutana na fomu hiyo mapema kuliko wengine ni wazazi wa watoto wenye usonji, wenye ugonjwa wa Down, au wanaochelewa kujifunza. Mtoto akikaribia 18, mara nyingi shule yenyewe ndiyo huwaambia wazazi waende mahakamani waombe usimamizi, kana kwamba ni chanjo. Mzazi mgeni anayeogopa kufanya kosa huitikia na kusaini. Katika California usimamizi wa aina hii huitwa wa sehemu, na sheria inataja mamlaka saba ambayo mzazi anaweza kuyaomba, moja moja: mahali pa kuishi, kuona rekodi za siri, ndoa, mikataba, matibabu, elimu, na mahusiano ya kijamii na ya kimapenzi. Wengi huomba yote saba kwa pamoja, maana hakuna anayewaeleza kwamba wanaweza kuomba mawili na kuyaacha mengine mikononi mwa mtoto.

Baada ya kelele za Britney, jimbo lilipitisha sheria mwaka 2022 inayomtaka anayeomba usimamizi aeleze ni njia gani nyepesi alizozifikiria kwanza. Mojawapo ni mtoto kuwa na watu aliowachagua wamsaidie kuelewa jambo kabla ya kuamua mwenyewe, na wengine huridhika na hati ya kumwezesha mzazi kushughulikia benki au hospitali, ambayo mtoto anaweza kuifuta akitaka. Haya hayahitaji jaji wala wakili wa kulipwa kwa saa. Kwa hiyo mwalimu akikukabidhi ile karatasi ya mahakama kwenye mkutano wa shule, ichukue, mshukuru, uende nayo nyumbani. Kisha uisome kifungu kwa kifungu pamoja na huyo mtoto, hasa pale palipoandikwa ndoa.