Unauza jeki mtandaoni? Usimjibu mteja "inatosha" haraka

Wauzaji wenzangu, leo naongea na wanaouza vifaa vya gari, na nyie pia mnaopeleka oda kwa gari lenu na kubadilisha breki pedi wenyewe nyumbani ili kuokoa hela ya fundi.

Mwaka jana mteja aliniandikia inboksi: "Boss, hii jeki ya tani 2 naweza kuingia nayo chini ya gari?" Nikajibu fasta: "Inatosha kabisa!" Akalipia, nikafurahi.

Jumapili yake niko uani nabadilisha breki pedi, gari liko juu ya jeki kama ileile. Simu ikaita, oda. Nikainuka kuipokea, mara nasikia kishindo nyuma yangu. Gari limelala, diski ya breki imechimba sakafu. Mkono wangu ulikuwa pale muda si mrefu.

Ile oda iliniponyoka. Mtu wa kwanza kumpigia alikuwa yule mteja. Nikamwambia nilikosea: jeki ni ya kunyanyua, siyo ya kushikilia. Jeki ya oili, sili yake ikivuja inashuka. Ile ya kuzungusha inayokuja na gari ina mguu mdogo, gari likisogea kidogo inalala. Kushikilia ni kazi ya stendi, vile vyuma vya miguu mipana vyenye meno ya kufungia.

Akacheka: "Kaka, mimi naweka tofali tu." Hapo ndipo pabaya zaidi! Tofali la saruji halikupi onyo, linapasuka ghafla.

Nilimpa utaratibu huu, na sasa namtumia kila mteja wa jeki:

1. Paki sehemu tambarare na ngumu. Kwenye mchanga au udongo laini stendi inazama na kuinama.
2. Vuta hendibreki, kisha zuia kwa vigingi matairi yanayobaki chini, mbele na nyuma yake. Kwa magari mengi hendibreki inashika matairi ya nyuma tu, hivyo ukinyanyua nyuma haikusaidii.
3. Legeza nati za tairi kabla ya kunyanyua.
4. Nyanyua, weka stendi mbili, kulia na kushoto, pale kitabu cha gari kinapoelekeza. Usiweke kwenye sampo ya oili.
5. Shusha jeki taratibu mpaka uzito ukae kwenye stendi. Ukiwa bado nje, sukuma gari. Likicheza, lishushe uanze upya.
6. Tairi ulilotoa lilaze chini ya ubavu wa gari kama akiba. Watoto wakae mbali, na mtu asikae ndani ya gari.

Na wewe muuzaji, kagua stendi kabla ya kuipiga picha. Angalia uzito ulioandikwa na kama ni wa stendi moja au jozi. Pandisha, funga, uone meno yanashika sawasawa. Mwaka 2020 huko Marekani, Harbor Freight waliomba wateja warudishe stendi za tani 3 na tani 6 kwa sababu meno yaliweza kuachia gari likiwa juu. Kama kampuni kubwa ilikutwa na hilo, mzigo wako usiuamini kwa macho tu.

Kwenye tangazo la jeki andika wazi: "Ya kunyanyua tu. Usiingie chini bila stendi." Halafu weka bei ya jeki na stendi mbili kwa pamoja. Wengine watasema unataka kuwauzia zaidi. Waelezee kwa upole.

Yule mteja alichukua stendi mbili siku ileile. Bado ananiletea wateja, na bado yuko hai wa kuwaleta.

Una mwenzako anayeuza jeki? Mtumie hii leo.