Shylock Katika Picha za Chapa: Maleba na Sifa za Mhusika

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, swali la sifa za mhusika aghalabu hujibiwa kwa kuangalia usemi na matendo yake. Maleba na ishara za mwili husahaulika kwa kuwa tamthilia tunaisoma tu, hatuitazami. Hapo ndipo picha za kale za waigizaji zinapotufaa.

Mchukue Shylock, ambaye Mwalimu Julius Nyerere alitutafsiria katika Mabepari wa Venisi (1969). Mwanzoni mwa karne ya 18, majukwaa ya London yalimfanya kichekesho. Mnamo Februari 1741, Charles Macklin alimwigiza katika ukumbi wa Drury Lane akiwa mkali wa kutisha, kichwani kofia nyekundu. Alipoulizwa sababu, alijibu kuwa amesoma kwamba Wayahudi wa Italia, hasa wa Venisi, walivaa kofia za rangi hiyo. Maleba yake, basi, hayakuwa pambo tu.

Picha za waigizaji wa enzi hiyo zilichongwa kwenye mabamba ya shaba. Mistari iliyochongwa hujazwa wino, bamba likapanguswa, kisha karatasi yenye unyevu ikagandamizwa juu yake. Bamba moja lilitoa nakala nyingi, hivyo hata asiyewahi kuingia ukumbini aliweza kumwona mwigizaji. Katika miaka ya 1770, mwuza vitabu John Bell alizitia picha za aina hii katika matoleo yake ya tamthilia za Shakespeare. Tahadhari tu: mchoro hugeuka unapopigwa chapa, kwa hiyo usikimbilie kudai kuwa mwigizaji alishika kisu kwa mkono wa kushoto. Wekundu wa kofia nao hauonekani, isipokuwa nakala iwe imepakwa rangi kwa mkono.

Tarehe 26 Januari 1814, Edmund Kean naye alimwigiza Shylock Drury Lane. Aliziacha nywele nyekundu za bandia zilizozoeleka, akavaa nyeusi, na watazamaji wakaanza kumhurumia mhusika huyu. Picha zake pia zilichapishwa. Maneno ni yale yale, Shylock ni wawili.

Mtahiniwa anayeandika "Shylock ni katili" na kukomea hapo amemchukua wa Macklin bila kujua. Anayemwita mdhulumiwa yuko na Kean. Kwangu wote wana alama, mradi kila mmoja ataje tukio linalothibitisha sifa hiyo. Darasani, anzia onyesho la mahakamani: mwanafunzi aeleze kofia, nywele na mkono ulioshika kisu kabla Shylock hajatamka neno.