Je, Wajua? Tabo Huishi kwa Moshi

Je, wajua kwamba gari lenye tabo hupata nguvu kutokana na moshi ambao magari mengine huutupa tu? Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alisajili hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Moshi hutoka kwenye injini ukiwa bado na joto na msukumo mwingi, naye hakutaka vipotee bure.

Ndani ya tabo mna feni mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja. Moshi wa ekzosi huizungusha ya kwanza. Ya pili huvuta hewa safi, huishindilia na kuipeleka kwenye silinda. Hewa ikiongezeka, mafuta mengi zaidi huweza kuungua, na injini ndogo hufanya kazi ya injini kubwa. Hewa iliyoshindiliwa hupata moto, kwa hiyo magari mengi huipitisha kwanza kwenye kipoza hewa kiitwacho intakula ipoe.

Kasi ya tabo inatisha. Mhimili huo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, karibu na moshi wenye joto la mamia ya nyuzi. Kinachouzuia usisagike ni utando mwembamba wa oili. Ndiyo maana naichukia sana tabia ya kuchelewesha kubadilisha oili ili kuokoa pesa kidogo. Oili chafu huziba kijibomba kinacholisha tabo, mhimili ukaanza kucheza, feni zikagusa ukuta. Oili nayo hupenya hadi kwenye ekzosi, na gari likatoa moshi wa bluu.

Hata hivyo, gari likiacha kuvuta, usikimbilie kusema tabo imekufa. Huenda mpira wa hewa umepasuka au klipu imelegea. Ukikanyaga mafuta utasikia mvumo wa hewa inayovuja, na gari la dizeli mara nyingi litafuka moshi mweusi kwa sababu mafuta yamekosa hewa ya kutosha. Chujio lililojaa vumbi nalo huinyima tabo pumzi. Kisha kuna kilango kinachopunguza moshi unaofika kwenye feni ili msukumo usipite kiasi. Kikikwama wazi, moshi hupita pembeni na feni hazipati kasi.

Tabo mpya ni ghali. Kabla hujainunua, mwambie fundi akague mipira, klipu, chujio na kilango. Na kama kweli imeharibika, asifunge nyingine mpaka ajue kilichoiharibu, hasa kama oili haikuifikia, la sivyo hata hiyo mpya itakufa.