Shilingi ya Mapema Ndiyo Izaayo Zaidi

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tunaiona ile asilimia 5 inayokatwa kwenye mshahara kama pesa iliyopotea. Haikupotea. Kwa sheria ya Uganda ya mwaka 1985, mwajiri naye huongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, si kutoka mshahara wetu. Jumla, asilimia 15, huwekwa katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) kwa jina la mfanyakazi. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022, wajibu huu ni wa kila mwajiri, hata mwenye wafanyakazi wachache.

Tufanye hesabu. Mchuma chai anapata shilingi 200,000 kwa mwezi. Yeye hukatwa 10,000, mwajiri hutoa 20,000. Kwa mwaka ni 360,000. Tuseme riba ni asilimia 10, kama ilivyotangazwa kwa mwaka wa fedha 2022/23, nayo inahesabiwa kila mwisho wa mwaka.

Mwaka wa kwanza ukiisha ana 360,000. Mwaka wa pili fedha hizo zinazaa 36,000. Pamoja na mchango mpya anafika 756,000. Mwaka wa tatu ile 36,000 nayo inazaa. Riba inakuwa 75,600, na akiba inafika 1,191,600. Hii ndiyo riba juu ya riba. Tukiendelea hivyo hivyo:

Miaka 10: michango 3,600,000, akiba karibu 5,740,000.
Miaka 20: michango 7,200,000, akiba karibu 20,620,000.
Miaka 30: michango 10,800,000, akiba karibu 59,220,000.

Miaka 10 ya mwisho imeongeza kuliko ile 20 ya kwanza, ingawa mchango haukubadilika. Shilingi za zamani zilipata muda wa kuzaa.

Ni kweli, riba hupanda na kushuka. Mwaka 2023/24 ilikuwa asilimia 11.5, sheria hairuhusu iwe chini ya 2.5. Bei za vitu nazo hupanda, na milioni 59 za uzeeni hazitanunua kama za leo. Lakini anayekosa michango hukosa vyote.

Hapo ndipo ubaya wa mwajiri anayekata bila kupeleka. Husema, "Ni miezi michache tu, tutalipa baadaye." Katika mfano wetu, michango ya mwaka wa kwanza peke yake, 360,000, ingekuwa karibu 5,710,000 mwisho wa miaka 30. Akija kulipa 360,000 tupu baada ya miaka mingi, amerudisha mbegu na kubaki na mavuno.

Sheria inampa mwajiri siku 15 tu baada ya mwezi kuisha. Kwa hiyo tuombe taarifa za akaunti zetu, tuzilinganishe na hati za mshahara mwezi kwa mwezi, na hati hizo tuzitunze. Ukiona pengo, mpelekee mwakilishi wa chama tawini kwako mara moja. Na ninyi vijana mlioajiriwa juzi, msingoje uzee ndipo muulize: miezi yenu ya sasa ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote.